Waliniita Posta

Barua namba 14 ilifika kabla ya namba 11. Namba 12 ilikuja kwenye gunia moja na 14, kona yake imelowa, na namba 13 sijaitia machoni hadi leo. Mama watoto ndiye aliyekuwa akizitia namba, nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu. Alianza baada ya kunilalamikia kwa barua tatu mfululizo kwamba simjibu. Nilikuwa namjibu. Shida ni kwamba nilikuwa najibu maswali ambayo mwenyewe alikwisha kuyasahau.

Mwaka ulikuwa 1992, nami nilikuwa koplo katika kikosi cha Kenya kilichopelekwa Croatia, nchi iliyokuwa imejitenga na Yugoslavia, chini ya UNPROFOR, jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani. Baraza la Usalama lilikuwa limeunda UNPROFOR mwezi Februari mwaka huo kwa azimio namba 743, na maeneo tuliyopaswa kuyalinda yakagawanywa sekta nne. Sisi tuliangukia Sekta ya Kusini, ambayo makao yake yalikuwa Knin: mji mdogo, reli, mto Krka, na ngome ya mawe juu ya kilima inayokutazama kila uendako. Kwa mbali mlima Dinara, mita 1,831, uliovaa theluji mapema kuliko tulivyotarajia. Nani alipigana na nani na kwa nini, hayo yameandikwa na wenye ujuzi kunizidi. Mimi nilipewa magunia.

Nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa karani wa kombania, na meja alipolitazama daftari langu la zamu akasema, "Huyu herufi zake zinasomeka. Apewe posta." Basi, jina langu likafa siku hiyo. Nikawa Posta kwa wakubwa na wadogo. Siku mbili kwa mwezi nilipendwa kuliko mpishi. Siku zilizobaki nililaumiwa kana kwamba ndege ni za baba yangu.

Barua ilikuwa na safari ndefu kuliko yetu. Huko nyumbani ilitumbukizwa kwenye sanduku la posta ikiwa na namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Ikakusanywa na jeshi, ikangoja gunia lijae, ikangoja ndege, ikashushwa Zagreb. Pale Zagreb magunia ya mataifa chungu nzima yalilala ghala moja, na nilikwisha kuletewa gunia la Wachekoslovakia, ambao walikuwa sekta moja na sisi, lenye herufi zilizovaa vikofia. Kutoka Zagreb lilipanda lori la msafara: Karlovac, halafu kuvuka mstari uliotenganisha pande mbili za vita, halafu barabara ya maziwa ya Plitvice, Gračac, hadi Knin. Kwenye ramani si mbali. Kwenye vizuizi ni mbali sana.

Afande mmoja aliyesomea mambo ya sheria aliwahi kutuambia kwamba Umoja wa Mataifa ulitayarisha mkataba wa mfano mwaka 1990, na ndani yake imeandikwa kuwa walinda amani wanaweza kusafirisha barua zao binafsi kwa njia zao wenyewe, na serikali ya nchi waliyomo isiziingilie wala isizipekue. Nilifurahi kusikia. Lakini vijana wa kwenye vizuizi hawakuwa wamesomewa. Nilikuwa na msafara siku moja, tukateremshwa, na mmoja wao, kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi, akaona gunia langu akadhani ni sukari. Alichomeka kisu. Akatoa bahasha iliyotobolewa katikati, akaigeuza, akaisoma anwani ambayo bila shaka hakuielewa, akanirudishia kwa mikono miwili. Mikono miwili, kama mtu aliyefunzwa adabu. Sijui kilimpata nini. Barua ile ilikuwa ya fundi mitambo wetu, na alipoifungua tundu lilikuwa limepita kwenye karatasi zote nne, mahali pamoja.

Za kwetu zilianza namna moja, zote. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Shuleni tulifundishwa hivyo na hivyo ndivyo tulivyoandika, na siku za kawaida mtu huiruka sentensi hiyo kama unavyoruka kijito. Kule haikurukika. Nimemwona mwanajeshi mwenye mwili kama mlango akisoma mstari huo wa kwanza, akifunga barua, akitoka nje kuvuta sigara, halafu akirudi kuanza upya kwenye mstari ule ule. Hofu na mashaka ni kwako. Mwandishi pengine alinakili tu kwa mazoea, mawazo yake yako kwenye ada ya shule. Msomaji alikuwa ndani ya handaki la magunia ya mchanga.

Simu ilikuwepo, ya setilaiti, kwa foleni na kwa bei. Posho ya kila siku kutoka Umoja wa Mataifa ilikuwa dola 1.28, na dakika moja ya simu ilimeza posho ya siku kadhaa. Nusu ya dakika yenyewe huishia kwenye "haloo, unanisikia?" na nusu nyingine kulia. Ukikata simu hubaki na kitu mkononi. Walioonja simu mara moja wengi wao walirudi kwenye karatasi. Wengine walitumiana kaseti. Kuna mwenzetu aliletewa kaseti ya mkewe, dakika thelathini kila upande, na upande wa pili karibu wote ni kimya, mlango unafunguliwa, mtoto anakohoa, sufuria inawekwa chini. Alimwambia aongee, mke akaishiwa maneno akaiacha mashine inazunguka. Alisikiliza upande huo wa pili mpaka betri zikafa, akaja kwangu kukopa betri.

Ugawaji nilikuwa nikiufanya nje, mbele ya kontena la ofisi, juu ya pipa. Nasoma jina, mtu anaitika, bahasha inapita mikono hadi mikono. Hii ilikuwa kabla ya kuijua bura. Bura ni upepo wa huko, unashuka kutoka milimani kwenda baharini, mkavu na wa baridi, na hauanzi taratibu kama upepo wenye heshima zake. Siku moja ya Novemba nilikuwa nimeshika kifurushi cha barua kama arobaini mkono wa kushoto. Nikanyanyua kulia kumwita mtu, na kushoto kukawa kutupu.

Kombania nzima ilikimbia. Wanaume wenye bunduki mgongoni wanakimbiza bahasha juu ya mawe, mmoja kaanguka, mmoja kakanyaga barua yake kwa buti na kuikumbatia. Halafu sajini akapiga yowe moja tu: "Simama!" Tukaganda. Tulikuwa tumefika kwenye utepe. Ng'ambo ya utepe lilikuwa shamba la zamani la mizabibu, na ndani yake mabomu ya kutegwa ardhini ambayo aliyeyatega hakuacha ramani. Bahasha moja ilikuwa imevuka. Ilitua hatua kama kumi na tano mbele yetu, imeegemea shina la mzabibu, nyeupe, upande wa anwani umegeukia kwingine.

Nilihesabu zilizookolewa nikalinganisha na orodha ya Zagreb. Imepungua moja. Jina sikulijua, maana orodha ile ilikuwa ya idadi, haikuwa ya majina. Darubini haikusaidia.

Sasa sikia kilichofuata. Katika kila kombania wapo wasioandikiwa. Unawajua haraka ukiwa Posta. Mmoja wetu, sajini mtu mzima, kila gunia lilipofika alikumbuka ghafla kuwa jenereta halijakaguliwa. Anaondoka na bisibisi yake, anarudi majina yakiisha. Hakuna aliyemuuliza. Lakini kuanzia siku ile ya bura, wale wote waliotoka mikono mitupu walikuwa na jibu. "Vipi, leo umepata?" "Yangu ni ile pale." Wanaonyesha kwa kidevu kule shambani. Ikawa mzaha wa kambi, kisha ikazidi mzaha kidogo. Nilimkuta yule sajini wa jenereta alfajiri moja, kasimama kwenye utepe na kikombe chake, anaitazama. Akaniona. "Mwandiko wa mwanamke ule," akaniambia. Kutoka pale mwandiko hauonekani hata kwa miujiza. Nikamwambia ndiyo, afande, ni wa mwanamke.

Theluji ilianguka ikaifunika. Ilipoyeyuka haikuwepo tena.

Baada ya hapo nikawa nagawa ndani ya kontena, watu wanapanga mstari.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa nikiwa huko. Picha zilichelewa, mpiga picha naye ana mambo yake, kwa hiyo mama watoto akaamua kuuweka mguu wa mtoto juu ya karatasi na kuuzungushia kalamu. Nilipokea mguu wa kwanza nikaubandika ndani ya kabati langu la chuma. Uliofuata ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Uliofuata huo, mdogo zaidi. Kwa muda wa gunia zima nilikuwa na mtoto anayesinyaa. Najua akilini, tarehe ziko pale, barua zimepishana njiani, lakini jicho halisomi tarehe. Nilizitoa zote kwenye kabati nikazipanga upya chini kwenye sakafu, kutoka kidogo kwenda kikubwa, na kwenye mguu wa tatu niliona kitu ambacho sikukiona mwanzo: kidole gumba kimechorwa mara mbili. Aliruka. Kalamu ilipomgusa aliruka, mama yake akamshika akaanza tena. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona mwanangu akifanya jambo.

Kifungua mimba naye, wa miaka tisa, alikuwa na biashara yake. Alikusanya stempu. Aliniandikia ukurasa mmoja, mistari imepigwa rula, akiomba stempu ya Umoja wa Mataifa yenye muhuri, kwa kuwa baba yake anaufanyia kazi Umoja wa Mataifa na mwenzake darasani hana baba wa namna hiyo. Niliuliza. Ikabidi nimwandikie ukweli: stempu za Umoja wa Mataifa zipo, nzuri sana, lakini zinatumika kwa barua inayotumwa kutoka ofisi zake za New York, Geneva au Vienna tu. Ukiwa Knin na bereti ya samawati kichwani, ni karatasi ya kupendeza. Jibu lake lilikuwa fupi. "Baba, kwa hiyo wewe unafanya kazi UN gani?"

Nilimsomea mkalimani wetu swali hilo akacheka hadi akashika ukuta. Alikuwa mama wa makamo, mwalimu zamani, na Kiingereza chake kilitoka vitabuni moja kwa moja. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameniomba jambo. Dada yake aliishi Šibenik, ng'ambo ya mstari, kwa gari si hata saa mbili wakati wa amani. Simu zilikuwa zimekatwa, posta imekatwa. Hawakuwa wamesikiana kwa zaidi ya mwaka. Magari yetu yalivuka. Akanitolea bahasha isiyo na stempu. "Wewe ndiye posta," aliniambia.

Amri ilikuwa wazi: hatubebi barua za raia kuvuka mstari. Leo ni barua ya dada, kesho ni ramani ya mizinga, na upande wa pili ukigundua, gari lako jeupe linakuwa gari la adui. Nilimweleza, nikamwelekeza kwa watu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa na fomu maalumu za ujumbe wa familia. Fomu hizo hazina bahasha. Unaandika habari za kifamilia peke yake, ukurasa wazi, kila anayeipitia anaisoma. Aliniuliza, "Na za kwenu zinasomwa?" Nikasema hapana, kuna mkataba. Aliikunja bahasha yake akairudisha kwenye mkoba. Amri ile ilikuwa sahihi, na hata leo ningeitii. Siipendi kwa kuwa sahihi.

Basi mama huyo, baada ya kucheka, kesho yake alikuja na bahasha ya stempu kwa ajili ya kijana. Za Yugoslavia, zimebanduliwa kwa mvuke kutoka barua za miaka mingi, nyingine zina Tito amevaa sare. Mwanajeshi mmoja wa Chekoslovakia akaongezea zake sita. Ilipofika Januari 1 mwaka 1993 nchi yake nayo ikagawanyika mbili, yeye akiwa kazini na sisi, na bendera begani mwake ikawa na maswali. Nilizituma zote. Kijana akaandika kwamba mwalimu wake amemwambia nchi hizo hazipo, na je, stempu ya nchi isiyokuwepo inahesabiwa? Nikamwambia inahesabiwa mara mbili.

Gunia la Januari halikuja.

Tarehe 22 Januari 1993 jeshi la Croatia lilishambulia upande wa Maslenica, na sekta yetu yote ikawaka. Waserbia wa Krajina, yaani wale walioshika eneo tulilolilinda, wakavunja maghala ambayo silaha zao nzito ziliwekwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, wakazichukua. Barabara zikafungwa. Kwenye mto Cetina kulikuwa na bwawa la Peruća, ambalo wenzetu wa kikosi cha Kenya walikuwa wakililinda. Walilazimika kuondoka, na Januari 28 likalipuliwa. Ukuta uliumia vibaya ila haukuanguka, kwa sababu ofisa mmoja Mwingereza alikuwa amefungua njia ya maji mapema na kina kikapungua. Chini ya ukuta ule kulikuwa na maelfu ya watu majumbani mwao.

Redio haikuhitaji barabara. Nyumbani walisikia: bwawa, mabomu, Wakenya. Hawakusikia majina, wala nani yuko bwawani na nani yuko mahali pengine. Mimi sikuwa bwawani. Nilikuwa kwenye handaki, nimekalia gunia la barua zinazoondoka ambazo hakuna gari la kuzipeleka, na ndani yake kulikuwa na barua yangu ya Januari 15 inayosema huku ni shwari kabisa, baridi tu.

Barua hiyo ilifika nyumbani mwezi Machi. Fikiria mwanamke amesikia redio Januari, amekaa wiki tano bila neno, halafu anapokea karatasi yenye mwandiko wa mumewe: huku ni shwari kabisa. Alishindwa kujua kama tarehe ni ya zamani au mume ni mwongo. Aliyoniandikia siyaweki hapa. Na zile za hofu, zilizoandikwa usiku wa ile habari, zilitufikia sisi zote kwa mpigo barabara zilipofunguka, magunia matano, watu wazima wanasoma "uko hai?" huku wamekaa juani wanakunywa chai. Mwingine aliinua kichwa akajibu kwa sauti, "Niko hai, mama," na hakuna aliyecheka.

Nimechelewesha kusimulia hili la dereva. Habari za msiba hazikuja kwa gunia. Zilikuja kwa redio ya jeshi, kwa kamanda, siku mbili au tatu tu, na kamanda humwita mtu akiwa na padri au imamu kando yake. Dereva wetu mmoja wa malori aliitwa hivyo Aprili. Mama yake. Alikwisha kuzikwa, na hata angepewa ndege siku hiyo angekuta udongo umekauka. Akarudi kwenye lori lake, akaendelea na zamu.

Siku kumi na moja baadaye lilikuja gunia. Nilikuwa nachambua peke yangu, usiku, kwa taa ya mkono, na nikakuta mwandiko ninaoujua. Yule mama hakuwa anajua kuandika. Barua zake aliandikiwa na mtoto wa jirani, wa shule ya msingi, herufi kubwa za mviringo, wino wa buluu, na cheo cha mwanawe alikikosea kila mara akamwita "Kapteni Dereva." Muhuri wa posta ulikuwa wa wiki mbili kabla ya kifo.

Niliitia mfukoni. Siku mbili nilitembea nayo. Niliwaza nimpe siku ya kurudi nyumbani, au nimpe padri, au iangukie bura. Nilijiambia namwonea huruma. Sajini wa jenereta ndiye aliyenigundua, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumkwepa dereva kama mdaiwa. Nikamwonyesha. Hakuigusa.

"Posta," akasema, "hiyo barua ni yako?"

"Si yangu, afande."

"Basi."

Nikampelekea kwenye lori. Aliitazama bahasha muda mrefu, akauliza muhuri ni wa lini, nikamsomea. Akapandisha kioo. Nikaondoka.

Kesho yake alikuja ofisini na bahasha imefungwa tayari, anwani ni ya mama yake, jina lake kamili. Nadhani uso wangu uliuliza, kwa maana alinieleza bila kuulizwa. Mama alikuwa ameuliza kama barua yake ya kabla ya hiyo ilifika. Na alisema ajibiwe haraka, kwa sababu mtoto anayemwandikia anakaribia kufunga shule na ataondoka kwa shangazi yake. "Ameniuliza swali," dereva akasema. Nikapiga muhuri wa kikosi. Nikaiandika kwenye daftari, safu ya zinazokwenda, namba yake, tarehe, kama nyingine yoyote, ikaingia guniani.

Tulirudi katikati ya mwaka, kikosi kingine kikachukua nafasi. Magunia nilimkabidhi koplo mwenye mwandiko mbaya kuliko wangu, nikamwonyesha utepe, nikamfundisha neno bura. Mkalimani nilimuaga. Alikuwa amepata fomu moja ya majibu kutoka Šibenik, mistari minane, na alinionyesha kwa mbali kidogo, kama mtu anayekuonyesha pete bila kuivua.

Nyumbani yule wa mguu aliniogopa siku nne. Mkubwa alinikagua mifuko. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kitanda, nimerudia kukosea swichi za taa, nilipokwenda kufungua sanduku la posta wiki ya tatu nikakuta bahasha yenye mwandiko ninaoujua kupita wote. Ilikuwa yangu. Nami nilikuwa nimefuata mtindo wa mama watoto wa kutia namba: 31. Niliiandika siku tisa kabla ya kuondoka Knin, ikakwama ilikokwama.

Niliingia nayo ndani nikicheka, nikaanza kuichana.

"Weka chini," akasema.

"Nimeiandika mwenyewe. Najua kilichomo."

"Hapo mbele pana jina la nani?"

Nikaiweka mezani. Alifuta mikono, akaigeuza kutazama namba nyuma, akaenda kwenye droo akatoa daftari lake la shule ambalo sikuwahi kujua kuwa lipo, akaweka alama nyekundu mbele ya 31. Kisha akaketi karibu na dirisha, akaifungua kwa kisu bila haraka, akaanza kusoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Kwenye mstari wa kwanza ilisimama kidogo, hofu na mashaka, ikaendelea. Ukurasa wa pili alicheka peke yake. Nilikuwa nimesimama pale pale, hatua tatu kutoka kwake, nikijitahidi kukumbuka ukurasa wa pili niliandika nini.

"Nini kinachekesha?" nikauliza.

Hakuinua macho.

"Nitakujibu," akasema.